Nina vidonda vya utumbo mpana na sasa nimepata nafuu: je, niache dawa nibaki na chakula?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, ninaishi Usa River. Mwaka jana niliharisha damu kwa miezi mitatu. Nilitibiwa amiba mara mbili na taifodi mara moja bila nafuu, hadi nilipopata rufaa na kufanyiwa kipimo cha kamera, nikaambiwa nina vidonda vya utumbo mpana vinavyosababishwa na kinga ya mwili. Nilianza na prednisoloni vidonge vinane kwa siku, ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka ikaisha, na sasa ninatumia sulfasalazini vidonge vinne kwa siku. Huu ni mwezi wa saba sioni damu na choo ni cha kawaida. Miezi minne iliyopita niliacha maziwa, nyama, maharage, ngano, pilipili na karibu matunda yote. Ninakula ndizi za kupika, uji wa ulezi na juisi ya shubiri, na nimepungua kilo 7. Mama mkwe na jirani yangu wanasema chakula ndicho kilichoniponya na kwamba dawa hizi zitaniua figo. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Je, naweza kuacha dawa nikabaki na chakula?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa miezi ile mitatu. Swali lako ni moja, lakini ndani yake nasikia hofu tatu: kwamba pengine unameza dawa usiyoihitaji, kwamba dawa hiyo inakudhuru kimyakimya, na kwamba itamdhuru mtoto ambaye hajapatikana bado. Zote ni hofu za mtu mwenye akili timamu na nitazijibu moja baada ya nyingine, ila nisikuweke roho juu hadi mwisho wa barua. Ushauri wangu ni kwamba usiache sulfasalazini. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo yako ni huo mlo, na kama kuna kitu cha kuacha wiki hii, ningeanza na huo.

Tuanze na jina, kwa sababu jina hili limewapotosha wengi. Huku kwetu mtu akisikia "vidonda" na "tumbo" katika sentensi moja, anafikiria vidonda vya tumbo ambavyo karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuugua. Vile hutokea kwenye mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na mara nyingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori au na matumizi ya dawa za maumivu. Mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria kwa muda wa wiki mbili hivi, huambiwa apunguze vyakula vinavyomchoma, na wengi hupona wakasahau. Jirani anayekuambia uache pilipili na kwamba dawa zina mwisho anazungumza kwa uzoefu wa kweli, isipokuwa ni uzoefu wa ugonjwa mwingine. Ugonjwa wako uko upande wa pili wa safari ya chakula, hausababishwi na asidi, na haumalizwi na dozi ya wiki mbili.

Utumbo mpana umefunikwa kwa ndani na utando mwembamba, na juu ya utando huo wanaishi bakteria wasiohesabika ambao kwa kawaida hatugombani nao. Askari wa kinga ya mwili wamekaa chini ya utando, wakiwa wamezoeshwa tangu utotoni kuwavumilia wakazi hao. Kwa mtu mwenye ugonjwa wako uvumilivu huo umevunjika. Askari wanashambulia pasipo adui wa kufukuza, na kinachoumia ni utando wenyewe: unavimba, unachubuka, unatoa damu na kamasi, na unashindwa kufyonza maji, ndiyo maana choo kinakuwa chepesi na hamu ya kwenda chooni haikatiki hata kama hakuna cha kutoa. Karibu siku zote uvimbe huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kupanda juu bila kuruka sehemu, na hubaki kwenye tabaka la ndani la utumbo. Ugonjwa wako una ndugu yake aitwaye ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu, na huzama ndani ya ukuta wa utumbo. Nautaja kwa sababu habari nyingi kuhusu chakula zinazosambazwa kwenye simu zimetoka kwenye Crohn, na mtu huzibeba na kuziweka kwenye ugonjwa wako kana kwamba ni kitu kimoja.

Ugonjwa huu una tabia nyingine inayodanganya: huwaka, kisha hutulia. Ukitulia, mtu hukitazama kile alichofanya karibuni na kukipa sifa. Sasa hebu tuhesabu kwa tarehe zako mwenyewe. Damu ilikatika miezi saba iliyopita, na mlo ulianza miezi minne iliyopita. Maana yake ni kwamba kwa miezi mitatu kamili ulikuwa ukila kama kawaida yako, maziwa na maharage yakiwemo, na damu haikurudi. Mlo ulikukuta ukiwa tayari mzima. Mweleze mama mkwe hesabu hii kwa upole, kwa maana sioni kwamba anakutakia mabaya. Anaona mkwewe anameza vidonge kila siku ilhali haumwi, na hilo kwa macho ya kawaida halina mantiki.

Mantiki yake iko kwenye namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Sulfasalazini ilibuniwa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa juhudi za daktari mwanamke, Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta tiba ya ugonjwa wa viungo, na ndipo ikaonekana kwamba wagonjwa wenye uvimbe wa utumbo mpana wananufaika. Kidonge chake kimebeba dawa mbili zilizofungwa pamoja. Sehemu kubwa ya fundo hilo hupita kwenye utumbo mwembamba bila kufunguka, na inapofika kwenye utumbo mpana bakteria wa humo ndio wanaolikata, dawa ya kutuliza uvimbe ikaachiwa palepale penye utando unaoumwa. Inafanya kazi kwa kuugusa utando, na usipoimeza haipo. Haikung'oi ugonjwa, bali inawazuia askari wasianze tena. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu waliokuwa wametulia kama wewe, wakitumia mesalazini, ambayo ndiyo ile sehemu ya kutuliza uvimbe iliyomo katika dawa yako. Wale ambao hawakumeza dawa zao ipasavyo walikuwa katika hatari ya kuugua tena zaidi ya mara tano kuliko waliomeza. Nafuu uliyo nayo inashikiliwa na vidonge hivyo vinne.

Kuhusu chakula kama tiba, sitaki nikufiche kilicho cha kweli. Kwa watoto wenye ugonjwa wa Crohn, kuwapa chakula maalumu cha maji peke yake, bila chakula kingine chochote, kwa wiki 6 hadi 8, hutuliza uvimbe vizuri kiasi kwamba katika nchi nyingi hiyo ndiyo tiba ya kwanza kabla ya prednisoloni. Huo ni ushindi wa chakula na hatuna sababu ya kuuficha. Lakini ni chakula kilichotengenezwa kwa vipimo na kusimamiwa na wataalamu, na hakijaonyesha nguvu hiyo kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Vilevile binzari ya manjano, yaani kiini chake kilichokolezwa kwa gramu 3 kwa siku, imewahi kuonekana kusaidia wagonjwa wa aina yako ambao uvimbe wao haukuwa mkali, ila walipewa juu ya mesalazini na si badala yake, na kiasi hicho hukipati kwa kutia manjano kwenye mchuzi. Kuhusu nyama, watu wazima wenye Crohn walioombwa kuipunguza nyama nyekundu hawakupata ahueni ndefu kuliko walioendelea kuila.

Na tukumbuke kwamba kutibu kwa chakula peke yake si wazo jipya. Ndivyo madaktari walivyolazimika kufanya kabla dawa hazijapatikana: kitanda, uji na kusubiri, na wengi waliokuwa na hali mbaya walipoteza maisha. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la kotisoni, mama wa prednisoloni yako. Baada ya wiki sita, waliotulia kabisa walikuwa takriban 41 katika kila 100 miongoni mwa waliopewa dawa, na takriban 16 miongoni mwa wenzao waliopata huduma ileile bila kotisoni. Kila ninaposikia mtu akisema tujaribu kwanza bila dawa, huwafikiria wale waliokuwa kwenye kundi la pili.

Jambo linalowachanganya wagonjwa wengi ni tofauti kati ya tumbo kusumbuka na utumbo kuvimba. Maharage hujaza gesi kwa mtu yeyote. Maziwa freshi huwaharisha watu wazima wengi wa Afrika kwa sababu miili yetu huacha kutengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ukiacha vyakula hivyo tumbo linatulia na wewe unajisikia vizuri, jambo ambalo lina thamani yake, lakini utando wa ndani haujui kwamba umeacha maharage. Nimeona wagonjwa wenye tumbo tulivu ambao kamera ilionyesha utando unaovuja damu. Kwa hiyo usitumie hisia ya tumbo kama kipimo cha ugonjwa.

Sasa mlo wako. Kilo 7 ndani ya miezi minne, kwa mtu asiyeharisha, ni dalili kwamba huli vya kutosha, na kwa mwanamke anayetafuta ujauzito hilo linanitia hofu kuliko dawa yoyote uliyoitaja. Ulipoteza damu kwa miezi mitatu, kwa hiyo akiba yako ya madini ya chuma huenda bado iko chini, na wewe umeondoa nyama na maharage kwa pamoja. Ulitumia prednisoloni, ambayo hudhoofisha mifupa, na wewe umeondoa maziwa. Ndizi na ulezi ni vyakula vyema, lakini haviwezi kubeba mzigo huo peke yake.

Ningekuomba urudishe vyakula kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu au nne kabla ya kuongeza kingine, ukiandika kwenye daftari unachokiona. Anza na nyama ndani ya mtori kama wanavyoupika Wachaga, ambao kwa kweli ni chakula cha mgonjwa kilichokamilika: ndizi zilizopondwa laini, nyama iliyoiva na mchuzi wake. Fuata na mayai, samaki, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Maziwa jaribu kwanza ya mgando, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari inayosumbua. Wenzetu Wamaasai, Waarusha na Wameru wanaokula loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, wanalijua hilo siku nyingi. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yapike yaive sana na anza na vijiko vichache. Parachichi na papai bivu havina ubaya wowote kwako, na mnafu uliochemshwa vizuri pia. Pilipili haisababishi vidonda hivi, na kama haikusumbui, kula. Ikitokea ugonjwa umewaka, hapo kwa muda mfupi punguza makapi, maganda na mboga ngumu, kisha urudi ulikokuwa. Kitu kimoja tu ningekitoa kabisa mezani, nacho ni juisi ya shubiri: utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani lake ni dawa kali ya kuharisha, huchokoza utumbo na kupoteza madini ya potasiamu, na haifai kwa mwanamke ambaye huenda akawa mjamzito.

Nirudi kwenye figo, maana jirani hakutunga hofu hiyo hewani. Dawa za kundi hili zinaweza kudhuru figo, ingawa ni kwa watu wachache sana, na sulfasalazini inaweza pia kusumbua ini au kushusha chembe nyeupe za damu, hasa katika miezi ya kwanza. Ndiyo sababu tunapima damu mara kwa mara mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Kama hujapimwa figo, ini na wingi wa damu katika miezi sita iliyopita, omba upimwe. Ni haki yako na ndiyo njia ya kujibu hofu kwa namba. Kichefuchefu na kuumwa kichwa hupungua ukimeza dawa baada ya chakula. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa hauna madhara. Lakini ukipata vipele mwili mzima, vidonda mdomoni, homa na koo kuuma, au macho kuwa ya njano, simamisha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali. Kinachostahili sifa mbaya wanayopewa dawa hizi zote ni prednisoloni, ambayo hujaza uso, hupandisha sukari na huondoa nguvu ya mifupa. Hiyo ni ya kuzima moto na si ya kuishi nayo. Usiinunue kamwe duka la dawa kwa uamuzi wako, hata damu ikirudi, kwa sababu katika mazingira yetu kuna minyoo aina ya strongiloidi inayoweza kukaa mwilini kimya kwa miaka na kisha kusambaa na kuua mtu aliyepewa dawa hiyo bila kupimwa wala kutibiwa minyoo kwanza.

Kuhusu mtoto, habari ni njema kuliko unavyodhani. Kinachohatarisha ujauzito zaidi ni ugonjwa unaowaka, unaoweza kuleta mimba kuharibika, uchungu kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa kawaida tunashauri ugonjwa uwe umetulia walau miezi mitatu kabla ya kushika mimba, na wewe umepita hapo. Sulfasalazini inaruhusiwa kuendelea wakati wa ujauzito na kunyonyesha, kwa sharti moja: inazuia mwili kufyonza asidi ya foliki, ambayo hulinda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Foliki iliyomo kwenye vidonge vya FEFO vya kliniki, vile vya madini ya chuma na foliki, ni kidogo kwa mtu anayetumia dawa yako, hivyo mwombe daktari akuandikie ya kiwango cha juu, ambayo mara nyingi ni miligramu 5 kwa siku, na uanze sasa kabla ya ujauzito. Ukishapata mimba, mweleze mkunga siku ya kwanza ya kliniki kwamba unatumia vyote viwili. SP inayotolewa kwa wajawazito kuzuia malaria hupungua nguvu ikichanganywa na foliki nyingi, tena SP na sulfasalazini zote zina asili ya salfa, kwa hiyo mpango huo upangwe na daktari badala ya kugawiwa dirishani kama kwa wengine. Wakati huohuo mweleze mume wako kwamba dawa hii hupunguza mbegu kwa wanaume wanaoimeza, na hurudi wakiiacha. Kwa kuwa anayeimeza ni wewe, haimhusu.

Huenda ukauliza kama kuna siku utapunguza dawa. Hilo huzungumzwa, lakini baada ya kuuangalia utando wenyewe: kwa kamera, au kwa kipimo cha kinyesi kiitwacho kalprotektini, ambacho huonyesha uvimbe kabla damu haijaonekana. Kama uvimbe wako ulikuwa kwenye puru tu, kuna dawa za kuweka kwa njia ya haja kubwa, na wapo wanaohitaji hizo peke yake. Kama hupatani na sulfasalazini, kuna mesalazini, ingawa bei yake ni kubwa. Na hata ukiwa mzima kabisa, ikifika miaka 8 tangu dalili za kwanza utahitaji kamera kwa vipindi maalumu, kwani uvimbe wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na kuutuliza ni sehemu ya kinga yake.

Damu ikirudi, usifikirie mara moja kwamba dawa imeshindwa. Peleka choo kikapimwe, kwa kuwa wewe pia unaweza kupata amiba au kuhara kwa bakteria kama mtu mwingine yeyote. Jiulize pia kama ulimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo au hedhi, kwani zinaweza kuuamsha ugonjwa huu, tumia parasetamo. Lakini ukifikisha choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, na juu yake ukawa na homa ya nyuzi 37.8 au zaidi, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika ukiwa umetulia, kizunguzungu, au tumbo lililojaa na kuuma ukiligusa, hiyo ni dharura. Usimeze dawa ya kufunga kuhara, na usisubiri siku ya kliniki. Kutoka Usa River Arusha iko karibu, na hospitali ya KCMC pale Moshi hupokea wagonjwa wa rufaa. Nenda usiku huohuo, ukiwa na karatasi ya majibu ya kamera mkononi.

Siku utakayokwenda kupimwa figo na ini, nenda na mama mkwe. Mwombe daktari amwonyeshe picha za utumbo wako zilizopigwa mwaka jana, na kama kamera itarudiwa, amwonyeshe na za sasa. Usiku wa leo, kula chakula chenye nyama kidogo ndani yake, kisha umeze kidonge chako.